Vioo vya mbele vya gari vibaki vyeupe

Ndugu Mhariri,

Naishi Ngamiani, na kama wakazi wengi wa Tanga nimekulia juu ya baiskeli. Juma lililopita nilikuwa naendesha gari la shemeji yangu, lenye tinti nyeusi pande zote. Ilikuwa magharibi, giza linaanza kushika. Nikatazama kulia, nikaona njia nyeupe, nikaanza kukata kona. Mara kengele ikalia dirishani kwangu: mzee juu ya baiskeli, kampakia mjukuu nyuma. Nilikanyaga breki, pakabaki shubiri moja. Mzee yule alivaa kanzu nyeupe, Mhariri, na sikumwona.

Kioo kitupu cha gari chenyewe hupunguza mwanga. Kikiwa kinapitisha asilimia 75, ukabandika juu yake karatasi ya tinti inayopitisha asilimia 20, jichoni inafika asilimia 15 tu. Mchana wa jua hutagundua. Jioni ndipo baiskeli, lami na ukuta vinapokuwa kitu kimoja. Sisi tuliovuka miaka 50 tunaumia zaidi, maana mboni haipanuki tena gizani kama ya kijana. Na mwenda kwa miguu anayetaka kuvuka hutafuta uso wa dereva ajue kama ameonekana. Kwenye kioo cheusi anauona uso wake mwenyewe.

Kinachonisikitisha ni kwamba magari yetu mengi yanatoka Japani, na huko sheria inataka kioo cha mbele na vya milango ya mbele vipitishe mwanga usiopungua asilimia 70. Weusi wa kiwandani huwa wa nyuma. Gari linashuka bandarini likiwa salama, sisi wenyewe tunalipeleka kwa fundi likapofushwe.

Najua joto la Tanga la Januari. Lakini karibu nusu ya joto la jua huja na miale isiyoonekana kwa macho, na zipo karatasi angavu zinazoizuia. Bei yake iko juu, sikatai.

Jumamosi mimi na shemeji tumebandua tinti za milango ya mbele. Za nyuma tumeziacha. Nawaomba wenye magari wenzangu wafanye hivyo, na askari wa usalama barabarani wanaposimamisha magari jioni wavitazame vioo hivyo viwili kabla ya kuuliza leseni.

Mkazi wa Ngamiani,
Tanga