Tochi za bei mbaya: mnaangalia bati, programu mnaisahau

Mhariri salamu, na poleni na kazi. Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua maana kijiweni kwetu ubishi umekuwa mkubwa na naamini uko kwenye vijiwe vingi tu vya wapenzi wa tochi, hizi ndogo za mfukoni za bei mbaya ambazo ukimtajia mtu hela uliyotoa anakuuliza kwani inapika? Ubishi ni ipi inadumu. Na kila anayeongelea kudumu anaongelea bati, aluminiamu nene, kioo kigumu, yangu imedondoka ghorofani haikuzima, yangu imekanyagwa na gari. Mi nasema tochi nyingi za siku hizi haziuliwi na sakafu, zinauliwa na programu iliyo ndani au na kukosa hiyo programu.

Ndugu zangu wa Maglite nawaheshimu. Ile tochi ipo sokoni tangu 1979, inatengenezwa California, bati zito, polisi wa Marekani wamezeeka nayo, na wazee wetu wanasema haina programu yoyote sasa kiharibike kitu gani? Haya, kafungueni zile zilizokaa kabatini muda mrefu na betri za kawaida ndani. Betri limevuja, ule unga mweupe umekula springi, na betri lenyewe limegandia kwenye bomba halitoki hata ugonge vipi. Bati zima kabisa, tochi kwisha habari yake.

Sasa njoo kwenye hizi za lithiamu. Betri lake ndo lile la 18650, yaani milimita 18 unene na 65 urefu, likijaa linasoma volti 4.2, na ukilikamua mpaka chini sana linaharibika, afu kulichaji tena likiwa limeharibika ni kutafuta moto ndani ya nyumba. Nani anazuia lisifike huko? Sio bati. Ni programu. Chukua tochi yenye Anduril, ile programu huria iliyoandikwa na anayejulikana kwa jina la ToyKeeper akaiachia wazi kila mtu aisome na aibadilishe anavyotaka. Volti zikikaribia 3 au chini yake kidogo tochi inashusha mwanga yenyewe kidogo kidogo mpaka inajizima. Na huhitaji kubahatisha chaji imebaki kiasi gani, ikiwa imezimwa unabonyeza mara tatu harakaharaka, inapepesa mara tatu, inatulia, inapepesa mara tisa, basi una volti 3.9, kalale.

Hapo kwenye joto ndo watu wanakosana kabisa. Emisar D4V2, tochi mojawapo inayokuja na Anduril, ni kidude kinachoenea kiganjani, kina LED nne, na kwa aina fulani za LED kinapita lumeni 4,000 (lumeni ndo kipimo cha wingi wa mwanga), ila kwa sekunde chache tu, baada ya hapo mwanga unashuka na mtu ananuna anasema nimeuziwa feki. Sio feki bwana. Kuna kipimajoto ndani ya chipu inayoendesha hiyo programu, na kikomo kwa kawaida kinakuja kikiwa kati ya nyuzi 45 na 50, ikikaribia hapo inapunguza moto yenyewe. Sasa kijiweni kuna wajuaji, wanaingia kwenye mipangilio wanapandisha kikomo mpaka mwisho eti wanataka nguvu yote waliyolipia, matokeo yake tochi haishikiki na LED zinachemka bure. Ukitaka mwanga mwingi kwa muda mrefu nunua tochi yenye kichwa kikubwa chenye bati la kutosha kubeba joto, usikitese hiki kidogo.

Na mfukoni je? Hizi swichi za umeme ni laini, funguo tu zinatosha kuiwasha, na mwenzetu mmoja suruali yake ina tobo la ushahidi. Kwenye Anduril unabonyeza mara nne inajifunga. Au legeza kifuniko cha nyuma robo mzunguko umeme ukatike kabisa, hii inafanya kazi kwa sababu tredi zina lile tabaka gumu lisilopitisha umeme, kwa hiyo wale mnaozikwangua na msasa ili zing'ae mnajiharibia wenyewe.

Wapo watakaoniambia mbona tochi za HDS, zile zinazotengenezwa Arizona kule Marekani, zina vyote. Kweli, bodi yake imemwagiwa gundi ngumu ndani hata ikipigwa chini hakuna kinachocheza, na mipangilio unaibadili kwa kubonyeza tu. Kama unashuka mgodini au unazama baharini sikubishii. Ila ikikufia huna unachofungua. D4V2 ukifungua kichwa unakuta vile vituo vidogo vya kupitisha umeme kwenye bodi, unagusisha kifaa chake unaflashi toleo jipya la programu, na mafundi wetu wanaoflashi simu kutwa nzima kazi hiyo haiwezi kuwashinda. Mi hapo ndo nilipo, tochi ninayoweza kuirekebisha naiona inadumu kuliko tochi isiyovunjika.

Nimalizie na maduka. Pakiti zimeandikwa lumeni 100,000, betri la 18650 limeandikwa 9,900 mAh wakati yale mazuri kabisa ya viwanda vinavyojulikana mengi yako kwenye 3,500 hivi. Wenzetu Marekani walishaweka kiwango tangu 2009 kinaitwa FL1, lumeni zinapimwa namna moja, kuangushwa ni angalau mita moja kwenye zege betri likiwa ndani, na saa za kuwaka zinahesabiwa mpaka mwanga ubaki asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Hii ya mwisho muwe nayo macho, maana "saa 30" inaweza kuwa masaa mawili ya mwanga wa maana na mengine yote unamulika viatu.

Mhariri, ukurasa wenu wa teknolojia kila wiki mnapima simu, kamera yake, chaji yake, kioo chake. Pimeni na tochi basi. Msiziangushe tu, kaeni nazo mpaka betri liishe muone inajizima yenyewe au inalinyonya mpaka life, ishikeni mkononi ikiwa kwenye mwanga wa juu muone inapungua kwa utaratibu au inazima ghafla, na mtuambie ukiiwasha inakumbuka mwanga uliouacha au inaanza na ile disko ya kumetameta ambayo sijawahi kukutana na mtu aliyeiomba.

Mdau wa tochi,
Tabata, Dar es Salaam