Barua kwa mwanangu: yale maombi ya chapeli, ulikuwa unamwambia nani?

Mwanangu,

Marahaba, na salamu za mama yako nimezifikisha. Ile klipu nimeipata. Nimeisikiliza Jumatano usiku, nikairudia Alhamisi asubuhi na mama yako, nikampelekea mchungaji akaisikiliza akiwa amesimama mlangoni na funguo mkononi, hata jirani yetu ambaye hasali popote nimembandika simu sikioni akasema huyu kijana ana sauti. Sikufichi, kichwa kilivimba. Mwanangu kaongoza maombi chapeli ya seminari, mbele ya wakufunzi na wachungaji wenye miaka yao kazini, na hakutetemeka. Mimi huu mwaka wa 22 ni shemasi na nikishikishwa maiki mkono unacheza bado.

Alafu Alhamisi usiku nikaisikiliza tena peke yangu, taa nimezima, mama yako kalala, na hapo ndo nikaisikia ile sentensi. Iko dakika ya nne hivi, ukishamaliza kushukuru. Unasema, Bwana uwaguse na wale kati yetu wanaodhani Roho wako anakaa kwenye vitabu vyao. Ukanyamaza kidogo. Wawili watatu wakaitikia Amina kwa nguvu, na mtu mmoja akacheka. Kicheko kidogo tu, cha puani, lakini nimekisikia. Nimerudisha nyuma mara tatu kuhakikisha.

Sasa nakuuliza, ulikuwa unamwambia nani?

Usiniambie ulikuwa unamwambia Mungu. Aliyecheka si Mungu. Na mwezi uliopita ulinipigia simu umefura kweli kweli, mkufunzi kakurudishia kazi yako na alama ndogo, kakuandikia pembeni usome zaidi kabla ya kusema Roho amekuonyesha. Siku ile sikuuliza sana, niliona ni hasira za mwanafunzi, zitapita. Sasa nimeunganisha mwenyewe. Na yeye alikuwemo mle ndani, au sivyo? Alikuwa amekaa wapi?

Sikia baba. Darasani mwalimu akisema kitu unanyoosha mkono unabishana naye, ruksa. Hata mahubiri, yakikukera unamsubiri mhubiri nje unamwambia pale mtumishi hukunielewesha. Lakini maombi watu wameinamisha vichwa na wamefumba macho. Ukimpiga mtu hapo umempiga wakati hajajiandaa na hana mkono wa kujikinga. Akikujibu ataonekana anabishana na Mungu, akinyamaza wenzake wanafungua jicho moja wanamtafuta, na akisema Amina kajihukumu mwenyewe. Hakuna sehemu nyingine kwenye ibada nzima ambayo mtu mmoja anapewa nguvu kiasi hicho, na wewe umepewa ukiwa mwaka wa pili.

Mimi sijasoma seminari, najua utasema hivo. Lakini nasoma madaftari yako. Nimeyahamishia chumbani kwetu kwa sababu lile bati la juu ya kitanda chako limeanza tena kuvuja, safari hii upande wa dirisha, sasa nikikosa usingizi nachukua moja. Lile la historia ya Wabaptisti umeliandika vizuri sana, mwandiko wa mama yako huo, sio wangu. Umeandika kuhusu John Smyth kule Amsterdam mwaka 1609, mtu aliyeona ibada ya kiroho haiwezi kusomwa kitabuni, lazima itoke moyoni. Umeandika kuhusu John Bunyan, yule mhubiri wa Bedford kule Uingereza, kakamatwa 1660 kwa kuhubiri bila kibali, kakaa gerezani miaka 12, na pale mbele ya mahakimu wakabishana naye hadi juu ya kitabu cha sala cha kanisa la serikali, yeye akashikilia kwamba kuomba ni kwa Roho, hakuna mtu wa kumwandikia mwenzake. Chini yake umepiga mstari mwekundu mara mbili ukaandika UHURU.

Haya, huo uhuru umeufanyia nini? Watu wamekaa jela ili wewe usishikishwe karatasi ya kusoma, na wewe ile nafasi ukaichomekea ugomvi wako. Unajua nimewaza nini usiku ule? Nimewaza lile kanisa lenye kitabu cha sala, padri akigombana na mtu hana pa kumchomeka, maneno yameshaandikwa kabla yeye hajazaliwa. Sisi hatuna hicho kizuizi. Sisi yeyote anaweza kuitwa mbele, ndo maana ya kusema kila muumini ni kuhani, na kizuizi kinabaki ni mtu mwenyewe na woga wake kwa Mungu. Sisemi turudi kwenye kitabu, usinielewe vibaya, na sisi wenyewe tuna kitabu chetu hata kama hakijachapishwa, we nisikilize mimi Jumapili, Baba tunakushukuru kwa siku hii ya leo ambayo hatukustahili kuiona, miaka 22 sijabadilisha hata nukta. Nasema tu kwamba uhuru huu una gharama na safari hii ameilipa mtu mwingine.

Na hizo Amina zisikudanganye. Paulo kwenye 1 Wakorintho 14 anauliza yule asiyeelewa ataitikiaje Amina kwenye shukrani zako. Yaani Amina ni ya mkutano, ndo kura yao, wanasema hili nasi tumeliomba. Sasa wewe umeomba kitu ambacho nusu ya chapeli hawawezi kukipigia kura bila kumsaliti mtu aliyekaa benchi moja nao. Wale watatu walioitikia kwa nguvu hawakuitikia maombi, waliitikia bao.

Na usiniulize tabia hii umeipata wapi.

Ile Jumapili unaijua, sirudii. Ulikuwa na miaka 11, benchi la tatu, uliinamisha kichwa mpaka nikawa naona kisogo tu. Mama yako alitoka nje kwa mlango wa upande kabla sijafika Amina. Mimi nilidhani huo ndo ujasiri, na watu waliitikia sana siku ile, wengine mpaka wakanipa mkono nje. Sijui kwa nini hatujawahi kukaa tukaliongea. Shughuli nyingi, na wewe ulikua haraka. Wiki iliyofuata niliitwa tena mbele, nikaomba kwa sauti ya upole kabisa, utusamehe Bwana pale tulipowakwaza wapendwa wetu, nikarudi nyumbani nimejiridhisha. Mama yako alikuwa anakunja nguo. Hakuinua macho, akasema, Mungu umeshamwambia, mimi je?

Nilitoka nje nikaenda kurekebisha bawaba ya geti. Haikuwa imeharibika.

Kwa hiyo nakuomba, narudia nakuomba, usije ukasimama chapeli wiki ijayo ukamwombea yule mkufunzi baraka kwa sauti laini ukadhani umemaliza. Usimtake radhi kupitia maombi. Kagonge mlango wake. Kama hutaki kugonga msubiri nje ya maktaba. Mwambie mkufunzi, yale maneno yalikuwa ya kukusema wewe, nilikulenga, nimekosea. Basi. Usimweleze historia ndefu ya alama. Na kama sio yeye uliyemlenga niambie ni nani, manake mtu yupo.

Unaweza kusema lakini baba alichokifanya mkufunzi nacho hakikuwa sawa. Inawezekana. Sijakataa kwamba kuna wasomi waliokauka, nimewahi kuwasikia wakihubiri, unatoka umeelewa Kigiriki na hujui utaishije Jumatatu. Lakini na sisi tusiosoma tumekauka kwa namna yetu, tunapiga kelele tu hausikiki mkwaruzo. Hiyo mpelekee ofisini kwake, na Biblia yako na hoja zako. Nitakuunga mkono. Ila usiiseme ukiwa umefumba macho kwenye maombi.

Tena hilo la macho sio langu, na wewe umeliandika kwenye daftari lako, Spurgeon, yule mhubiri Mbaptisti wa London, aliwaonya wanafunzi wake wa kile chuo cha wachungaji alichoanzisha 1856 kwamba maombi marefu huishia kuwa mahubiri, tofauti inabaki kwamba huku mtu kafumba macho na kule kafumbua. Umeliandika na ukaweka alama ya kicheko pembeni. Nimecheka na mimi, alafu nikaacha kucheka.

Kwa ujumla yale maombi yalikuwa mazuri, nisije nikakuvunja moyo. Mwanzo ule uliposubiri watu watulie kabla ya kufungua mdomo, hapo nilijisikia fahari sana, wengi tunaogopa ukimya tunaujaza na Bwana Bwana Bwana kama mtu anayetafuta funguo gizani. Na ulivyowataja wagonjwa kwa majina, na yule mwenzenu aliyefiwa, ulimtaja polepole. Ile ndo kazi. Mtu kakaa pale ana msiba wake, hana nguvu hata ya kusema neno, wewe unakuwa mdomo wake dakika mbili. Ukiitwa tena kaa hapohapo, ongeza hapo, usiende kwingine. Tangazo nalo ungeliacha, uliposema tunaukabidhi mkutano wa Ijumaa saa kumi katika ukumbi mdogo, Mungu ukumbi anaujua, ulikuwa unawakumbusha wao.

Na kama unakosa cha kuombea kuna ule ukurasa wako wa 1784, hao wachungaji wa Kibaptisti wa Northamptonshire, Uingereza, na wito wao wa maombi, saa moja kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi, na wakawaambia watu wasiishie kuombea makanisa yao wala dhehebu lao tu, waombee kazi ya Kristo kila mahali mpaka miisho ya dunia. Miaka minane baadaye, 1792, ndo chama cha umisheni kikaanzishwa pale Kettering, na 1793 mmisionari wao William Carey akaondoka kwenda India. Nimelisoma mara mbili. Wale nao walikuwa na mabishano yao makali, wenzao waliwaona wamepotoka kwa kutaka kuhubiria kila mtu, wangeweza kabisa kuigeuza ile saa moja kuwa saa ya kuwasema. Jinsi ulivyoandika hapo ni kama ulikuwa umesimama. Sijui mtu anawezaje kuandika vile alafu miezi mitatu baadaye akaomba ile sentensi. Au najua, ndo maana silali.

Kabla ya kusimama jiulize tu, huyu ninayetaka kumtaja kwa mafumbo, ningemtaja kwa jina? Kama huwezi kumtaja kwa jina kwa upendo basi mruke. Mimi sasa hivi ndo nafanya hivo, na maombi yangu yamekuwa mafupi mpaka mchungaji kaniuliza kama naumwa.

Mambo ya hapa. Miwani ya mama yako imevunjika mkono mmoja, anaifunga na uzi mweusi na anakataa kwenda kupimwa upya, anasema anaona vizuri, jana kasoma zaburi isiyokuwemo kwenye ratiba na hakuna aliyemwambia. Ukipiga simu mwambie wewe, wewe anakusikia. Dada yako kahamia chumbani kwako upande usiovuja, usije ukaanza maneno likizo, vitu vyako viko kwenye sanduku la bluu na ufunguo nimeuning'iniza nyuma ya mlango wetu. Fundi wa bati kaahidi Jumamosi. Kaahidi na Jumamosi iliyopita.

Lile koti la chapeli ulilosema limekubana mabegani usilitupe, lina nafasi ndani ya mshono, fundi akilegeza litakutosha mwaka mwingine. Na kula vizuri, kwenye ile picha umekonda, au ni taa.

Nijibu kwa maandishi. Ukinipigia utanizungusha kwa sauti hiyohiyo, nakujua. Niandikie jina tu na kama umeshaenda au bado.

Na hiyo klipu usiisambaze tena. Mimi nilishamtumia shangazi yako Jumatano ileile kabla sijasikia vizuri, na yeye kairusha kwenye grupu la kwaya. Tangu asubuhi nambembeleza aifute, anasema kwa nini, mbona mtoto kaomba vizuri.

Baba yako