Mwanangu, hiyo -ji- usiihamishe yote

Hombolo, Dodoma

Mwanangu mpenzi,

Barua yako nimeipata Jumamosi. Nimefurahi umeiandika kwa Kiingereza, maana mwaka jana tu ulikuwa darasa la saba ukisoma yote kwa Kiswahili. Ila mstari mmoja umenikalisha: "I feel myself bad." Kwanza niliogopa kwamba unaumwa. Halafu nikaliona kosa, nalo nalijua, nimeishi nalo miaka mingi jikoni kwenye nyumba ya wageni mjini.

Uliwaza "najisikia vibaya", ukaona -ji-, ukaitafutia mwenzake. Mwingereza akiumwa husema "I feel ill", basi. "Najifunza" ni "I'm learning". Ukisema "I'm teaching myself" umeshamaanisha huna mwalimu. "Najiandaa" ni "I'm getting ready".

Hiyo "myself" inatakiwa pale ambapo tendo lingeweza kumpata mtu mwingine, likakurudia wewe. Juzi napogoa mizabibu, mkasi uliteleza ukanichana kidole gumba, damu ikadondokea majani. "I cut myself." Ukiishia "I cut", anayekusikiliza bado anangoja: umekata nini? Halafu angalia ni nani. Sisi -ji- moja inatutosha sote, nilijikata, alijikata, walijikata. Wao hubadilisha: myself, yourself, himself, herself, itself, ourselves, yourselves, themselves. Na hapo usidanganyike. "Myself" imeanza na "my", lakini ya mwanamume ni "himself", si "hisself". Wala si "theirselves".

Wakipigana wao kwa wao, hiyo ni "they hit each other". "They hit themselves" maana yake kila mmoja kajipiga mwenyewe.

Kuna nyingine huwezi kuzifasiri neno kwa neno. "Help yourself" huambiwa mgeni mezani: karibu, jipakulie. Ukiifanya "jisaidie" umemtuma chooni. Siku moja nimeweka ugali, mlenda na kuku mbele ya wageni sita, nikasema "Help yourself". Mama mmoja mtu mzima akaniambia kwa upole, "Yourselves, tuko sita." Sisi tunasema karibu, tunasema karibuni, ile -ni inamaliza kazi, kwao wingi uko mwishoni mwa neno hilo. Tangu siku ile nahesabu watu kabla sijafungua mdomo. "Behave yourself" ni kuwa na adabu, na "by myself" ni peke yangu, kama ninavyovuna mwaka huu ukiwa shule.

Sasa hiyo hali ya mwili. Kama ni homa, mwombe matroni ruhusa uende zahanati ukapime malaria, usinywe dawa za kupewa na wenzako bwenini. Ukipata nafuu niandikie upesi. Ni "I feel better", mwanangu, hakuna "myself" hapo.

Mama yako