Tuwaachie watoto sauti yao

Mhariri,

Ukurasa wa watoto tunaupenda, lakini hadithi nyingi zinazotokea humo ni kana kwamba zimeandikwa na mtoto mmoja. Anarauka jogoo wa kwanza akiwika, anapiga mswaki meno meupe kama pamba, anastaftahi, na hatari ikizuka anachana mbuga, miguu niponye! Vifungu hivyo havina ubaya. Shida ni kwamba hufika kabla ya hadithi yenyewe: ukurasa unajaa na mtoto bado hajatoka nyumbani kwao.

Dawa yake ni swali, si kalamu nyekundu. Mpe mtoto dakika 10 aandike bila kufuta na bila kuulizia tahajia. Kisha tafuta sentensi moja iliyo tupu. Akiwa ameandika "Mama alikasirika," muulize mikono ya mama ilikuwa ikifanya nini. Atakwambia aliitua sufuria kwa kishindo, mfuniko ukaanguka na kuzunguka sakafuni. Basi aandike hayo, na "alikasirika" halitahitajika tena. Sentensi mbili au tatu zatosha. Ukimhoji kila mstari atachoka, na atarudi kwenye vifungu vya kukariri kwa kuwa hivyo havihojiwi.

Ushairi una donda lake. Mtoto wa Gredi ya 4 anadaiwa beti 5 za tarbia (shairi la mishororo minne kila ubeti), mizani 16, yaani silabi 16, kila mshororo, na akipungukiwa anachomeka "jamani" na "hakika" hadi hesabu itimie. Ubeti mmoja unatosha kabisa, hata mshororo mmoja. Apige kofi kwa kila silabi: "Paka wetu ana ndevu, mbona yeye hazinyoi?" Nane ukwapi (nusu ya kwanza ya mshororo), nane utao (nusu ya pili). Wengi hupotelea kwenye m na n: "mtoto" ni mizani 3 kwa kuwa m inasimama peke yake, "nchi" ni 2, ilhali "mwalimu" ni 3 tu kwa kuwa mwa hutamkwa pamoja. Vina (silabi za mwisho zinazofanana) vikimshinda, aandike shairi huru. Tusimnyang'anye paka wake kwa ajili ya kina.

Uhakiki wa vitabu nao hugeuka muhtasari hadi tamati, msomaji akabaki hana haja ya kitabu. Maneno 150 yanatosha kujibu haya: ukurasa gani uliurudia? Nani alikuudhi, na alifanya nini? Mwisho usitajwe.

Kwako Mhariri, tunaomba dawati lisahihishe tahajia na alama za uakifishi pekee. Methali iliyobandikwa mwishoni na mtu mzima (hujulikana mara moja, maana haifanani na yaliyotangulia) iondolewe. Na chini ya kila kazi liandikwe jina la kwanza na umri tu. Shule, mtaa na nambari ya simu visichapishwe.

Mwalimu wa Kiswahili,
Voi