Uanzie wapi na Millencolin

Ndugu yangu Hamisi,

Habari za siku nyingi? Natumaini mzee hajambo na watoto wanaendelea vizuri na masomo. Huku sote wazima.

Umeuliza uanzie wapi na Millencolin, ile bendi ya panki. Usianzie mwanzo. Chukua albamu ya Pennybridge Pioneers ya mwaka 2000, isikilize hadi uizoee, ndipo urudi nyuma.

Bendi ilianza Oktoba 1992 mjini Örebro, Sweden, na vijana wa skeitibodi (ubao wa magurudumu); hata jina limetokana na mtindo mmoja wa kuruka na ubao. Nikola Šarčević aliimba huku akipiga besi, Erik Ohlsson alishika gitaa, na Mathias Färm alikaa kwenye ngoma. Mwaka 1993 akaingia Fredrik Larzon, ngoma zikawa zake, Färm akahamia gitaa. Badiliko hilo ndilo lililoijenga bendi: magitaa yakawa mawili, moja likikwaruza chini, la pili likipanda na oktavi (noti moja inayopigwa chini na juu kwa pamoja). Hao wanne hawajabadilika tangu hapo, jambo adimu sana katika panki.

Albamu ya kwanza, Tiny Tunes ya 1994, iliwaingiza kwenye mvutano na kampuni ya Warner Bros. kwa sababu jina na jalada vilifanana mno na katuni zao, ikatolewa upya kwa jina la Same Old Tunes. Ni albamu ileile, usije ukainunua mara mbili. Life on a Plate ya 1995 ina kasi na vionjo vya ska (muziki wa Jamaika), ila sauti ya mwimbaji inafukuzana na ngoma.

Kwenye Pennybridge walirekodi Hollywood na Brett Gurewitz wa bendi ya Bad Religion. Mwendo ukatulia, maneno yakapata nafasi ya kupumua. Jina lenyewe ni mchezo juu ya mji wao: "öre" ni senti ya Sweden, "bro" ni daraja. (Asili ya jina la mji ni changarawe, si senti.) Humo ndimo ulimo No Cigar, wimbo uliosambaa duniani kupitia mchezo wa video wa Tony Hawk's Pro Skater 2.

Sasa oktavi, maana najua gitaa halikutoki mkononi. Kidole cha shahada weka uzi wa 5 (uzi wa 6 ndio mnene kuliko yote), freti ya 3, yaani nafasi ya tatu kwenye shingo ya gitaa. Cha pete weka uzi wa 3, freti ya 5. Zote mbili ni noti ya C. Ugumu uko kwenye uzi wa 4 uliobaki katikati: ukilia, unachafua kila kitu. Laza shahada kidogo iuguse bila kuukandamiza, ncha yake izuie uzi wa 6, na tumbo lake lifunike nyuzi mbili nyembamba. Hapo mkono wa kulia unaweza kupiga nyuzi zote kwa nguvu na zikasikika mbili tu. Wengi hukosea wanapohama freti: wanainua vidole, nyuzi zinafunguka na kupiga kelele. Legeza tu, teleza, kisha kandamiza tena. Anza polepole sana.

Zilizofuata baada ya Pennybridge: Home from Home (2002) ni nzito zaidi, Kingwood (2005) inarudi kwenye kasi, Machine 15 (2008) ni laini mno kwa masikio yangu. Halafu miaka saba bila albamu mpya ya studio hadi True Brew (2015), ambayo naipenda sana, na SOS ikafuata 2019.

Ukikwama kwenye uzi wa 4, niandikie unavyoulaza mkono.

Wasalimie wote nyumbani.

Rafiki yako,
Juma