Reli hadi Malaba? Tuonyesheni hesabu kwanza

Mhariri,

Hii stori ya SGR, ile reli yetu mpya ya kisasa, kusukumwa kutoka Naivasha hadi Kisumu na Malaba mpakani na Uganda naisikia kila siku, na kila siku nangoja mtu aseme hesabu yake iko wapi. Sipingi treni jamani, mimi mwenyewe naipanda, Nairobi nafika kwa masaa matano na kitu badala ya kukesha kwa basi shingo imepinda. Hio ni faida, iandikwe (na pia iandikwe nauli ya tuktuk mpaka Miritini!).

Lakini ile ya Mombasa-Nairobi iliyofunguliwa 2017 ilikula kama shilingi bilioni 327, karibu asilimia 90 mkopo wa Uchina, na Benki ya Dunia mwaka wa 2013 ilikuwa ishasema kwa mizigo ya kanda hii kukarabati reli ya zamani kungetosha. Hawakusikizwa. Na hapo ndipo tunapochanganywa, tunaulizwa mnataka treni ama hamtaki, kumbe swali ni treni mpya ama ile ya mkoloni ikitengenezwa vizuri na pesa zibaki za mambo mengine. Ukilinganisha na kukosa kabisa, mradi gani utaonekana mbaya?

Alafu ili treni ipate mzigo, 2019 ikatoka amri kontena za bara zipande SGR kwa lazima. Sisi wa Changamwe tunajua kilichofuata, malori yakalala, fundi wa tairi hana kazi, tanboi (msaidizi wa dereva wa lori) hana kazi, mama wa chapati anabaki na unga wake, kutoka Mariakani mpaka Voi vyumba vya madereva tupu, watu wakaandamana kila Jumatatu na amri yenyewe ikaja kuondolewa 2022. Hasara hio nani aliiandika, na aliiandika wapi? Maana kontena ikishuka Nairobi bado inataka lori la kuifikisha godauni, mwenye mzigo analipa huku na kule, na hata ambaye hajawahi kuiona treni analipa, kwa sababu ushuru wa reli uko kwenye bidhaa za nje tangu 2013.

Kwa hivyo kabla watu wa serikali hawajasaini mkopo mwengine wachapishe gazetini hapa: wanatarajia tani ngapi, mzigo wa nani, deni litalipwa na nini mzigo usipokuja, na mama wa chapati yuko mstari wa ngapi.

Msomaji wenu,
Changamwe, Mombasa