Njia ya miguu hadi Capri Point

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nichangie mjadala wa utalii wa ndani hapa Mwanza, ambao kwa kawaida huishia Kisiwa cha Saanane, kilichopandishwa hadhi kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2013, kana kwamba jiji hili la miamba halina kingine cha kumwonyesha mgeni.

Mtu akianzia kwenye Mto Mirongo, akapita katikati ya mji hadi Jiwe la Bismarck, kisha akapanda taratibu kilima cha Capri Point, atafika juu bila kuhitaji viatu maalumu wala kiongozi. Mimi nilimpandisha mama yangu mzazi, mwenye magoti mabovu, tukapumzika mara mbili tu, tukitazamana na mijusi wenye vichwa vyekundu na viwiliwili vya buluu wakiota jua juu ya mawe. Kileleni aliitazama Saanane ikiwa karibu kabisa, akasahau kulalamika.

Kasoro ni kwamba njia hiyo haina kibao hata kimoja, na kando ya mto takataka humfanya mtu azibe pua. Napendekeza Halmashauri ya Jiji ianze na vibao, mapipa ya taka na mabenchi mawili matatu kileleni, kabla ya kufikiria kutoza kiingilio.

Msomaji wenu,
Mwanza